MTOTO MMOJA, MIKONO MINGI

Masomo: Kutoka 2:1-10, Kutoka 17:8-13, Matayo 18:1-6, Matendo ya Mitume 6:1-6



Sisi mashemasi tumepewa kazi ya kuwaletea neno juu ya watoto wasio na nyumba, na juu ya jamaa zinazowapokea. Tunaomba msomaji asome mpaka mwisho, kwa sababu katikati ya neno hili kuna zambi yetu wenyewe.

Kwanza tutazame kando ya mto kule Misri. Mtoto wa miezi mitatu amelala ndani ya kikapu. Mfalme ameamuru wavulana wa Waebrania wauawe. Nani alimwokoa Musa? Wengi watajibu: binti ya Farao. Lakini tuhesabu mikono. Mama yake alikisuka kikapu na kukipaka lami. Dada yake alisimama mbali akilinda. Mjakazi aliingia majini akakichukua. Binti ya Farao alimhurumia mtoto na kumfanya wake. Halafu mama yule yule akaitwa kumnyonyesha. Mikono ya wanawake wanne kwa mtoto mmoja!

Kuna neno moja hapo ambalo tunalipita haraka: mshahara. Binti ya Farao hakumwambia yule mama kwamba amlee bure na Mungu atajua. Aliahidi kumlipa. Mtu wa mataifa, asiyemjua Mungu wa Israeli, alifahamu kwamba anayelea mtoto ana tumbo, ana uchovu, na anahitaji kusaidiwa. Sisi tunaomjua Mungu, je, tumelifahamu jambo hilo? Wazee wetu walisema: mkono mmoja haulei mwana.

Kupokea mtoto si jambo geni kwetu. Mtumishi wa Mungu Simon Kimbangu, aliyefia gerezani hapa mjini kwetu tarehe 12 Oktoba 1951, wakati mji ukiitwa bado Elisabethville, wanaosimulia maisha yake wanasema alilelewa na Kinzembo, mama wa ukoo wake, kwa sababu mama mzazi alikuwa amekufa. Kama Kinzembo angefunga mlango, ingekuwa namna gani?

Leo hapa Lubumbashi tunawaona watoto hao kila siku. Wengine wamefiwa. Wengine baba alioa upande wake na mama akaolewa upande wake, mtoto akabaki katikati. Wengine walitoka vijijini kwa sababu ya vita na njaa. Na wengine, tuseme bila kuficha, walifukuzwa nyumbani kwa sababu mtu alisema ni walozi. Wanabeba mizigo sokoni, wanaokota vyuma, wanalala chini ya meza za kuuzia. Tunawaita shege, tunapita.

SASA TUUNGAME

Miaka michache iliyopita, mama mmoja wa kanisa letu, mjane anayeuza makala, alimpokea mvulana wa miaka kama tisa. Mama ya mtoto alikuwa jirani yake, akafa. Siku ya Mungu iliyofuata tulimsimamisha mama huyo mbele ya watu. Tuliimba, tulipiga makofi, kila mtu alimwambia: Mungu akubariki, mama. Kisha tukaenda kula kwetu.

Mvua ikaanza. Makala yakalowa. Kitinda mimba wake akashikwa na homa, ikapona, ikarudi. Yule mvulana alikojoa kitandani, na alificha matonge ya bukari chini ya mkeka wake. Usiku mmoja katika maombi, ndugu mmoja mwenye karama ya maono akasema ameona giza juu ya kichwa cha mtoto. Mama akaja kwetu mashemasi akatuuliza: nifanye nini? Tulimjibu: tuombe kwanza.

Wandugu, hilo lilikuwa jibu la woga. Ndani ya roho tulijua kwamba mtoto hana neno. Lakini tuliogopa kugusa karama ya mtu. Kabla ya juma kwisha, mtoto alikuwa nje.

Alilala usiku kumi na mmoja karibu na soko. Kijana wa mmoja wetu ndiye alimwona. Tulitoka moja kwa moja kwenye maombi kwenda kumtafuta, na mama pamoja nasi, wote tumevaa kanzu nyeupe. Mtoto alipoona kanzu nyeupe zinakuja, alikimbia. Aliikimbia nguo ya kanisa kama vile watu wanavyomkimbia mwizi mwenye panga. Mama akavua kanzu yake, akaikunja kwapani, akamwita jina lake. Sisi tukarudi nyuma. Walisimama muda mrefu, yeye huku, mtoto kule. Mwishowe wakarudi nyumbani pamoja.

Kesho yake mama alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Wababa, mlinipigia makofi siku moja, mkaniacha miezi minane."

Tulipokwenda kwake tuliliona lile giza. Paa la banda la makala lilikuwa limetoboka. Homa ya kitinda mimba ilikuwa malaria, na ndani ya nyumba hapakuwa na chandarua. Mtoto alificha bukari kwa sababu alikuwa amejua njaa, naye hakuamini kama kesho chakula kitakuwako. Alikojoa kitandani kwa sababu alimwona mama yake akifa. Basi, mlozi alikuwa wapi?

Mvulana huyo sasa amekuwa mrefu, anasoma. Lakini hasali nasi. Siku ya Mungu anamsindikiza mama mpaka kwenye mlango wa parsele, kisha anakaa nje chini ya mwembe mpaka tumalize. Hatumlazimishi. Kila tukimwona pale tunakumbuka.

MAONO NA MTOTO

Hatudharau karama. Kanisa hili limejengwa juu ya Roho. Lakini maono yote sherti yapimwe. Wanafunzi walipouliza nani ni mkubwa, Bwana alimwita mtoto mdogo akamsimamisha katikati yao, akafundisha kwamba anayempokea mmoja wa namna hii anampokea yeye mwenyewe. Kisha akataja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari kwa ajili ya anayemkosesha mdogo. Roho wa Bwana huyo hawezi kumtoa mtoto katikati na kumtupa sokoni. Ono linalomtupa mtoto nje halitoki kwake.

Na sheria ya Leta inasema vile vile. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamwazibu anayefanya hivyo: kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, na faini ya franga 200 000 mpaka 1 000 000. Haisemi kwamba nabii au mchungaji amesamehewa.

Kwa hiyo mchungaji na mashemasi tumekata neno: katika kanisa hili hakuna atakayetaja mtoto mlozi, wala katika maombi ya usiku, wala kwa siri. Mtoto asifungishwe chakula, asifungwe kamba, asipigwe, asitiwe kitu machoni kwa jina la maombezi. Nyumba ikiwa na shida, tutaitembelea nyumba.

ANAYETAKA KUPOKEA MTOTO AFANYE NINI

Kwanza, bwana na bibi wapatane, na watoto wa nyumbani waambiwe mapema. Si lazima kuwa tajiri. Lakini anayetafuta boyi wa nyumba au mtu wa kuuza maji barabarani, huyo asije kwetu. Mtoto wa kupokewa anakula chungu kimoja na wenzake, na saa ya masomo anakwenda masomo.

Pili, mtoto asichukuliwe kimya kimya. Afikishwe kwa shefu wa karitiye na kwa asistanti sosiali, yule mfanyakazi wa Mambo ya Kijamii. Yeye anaweza kumweka mtoto katika jamaa, na tribinali ya watoto ndiyo inayoamua. Karatasi hiyo inamlinda mtoto, na inawalinda ninyi, ili kesho mtu asiseme mmeiba mtoto. Kupokea si kumgeuza mtoto kuwa wenu kabisa mbele ya sheria. Hiyo ni njia nyingine, yenye hukumu yake. Mtoto wa kupokewa anabaki na jina lake na ukoo wake.

Tatu, jamaa yake itafutwe. Kama vita au msiba mkubwa umewatenganisha, Msalaba Mwekundu unafanya kazi ya kutafuta wazazi na ndugu, bila malipo.

Nne, muulize juu ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiyeandikishwa katika siku 90 za kwanza anahitaji hukumu ya tribinali. Msimwache bila karatasi. Na mkumbuke kwamba tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za Leta ni ya bure. Lakini daftari, kalamu na viatu vinataka feza, na asiwepo atakayepokea mtoto akitumaini mshahara wa kila mwezi kutoka kwa Leta.

HARUNI NA HURI

Hapo ndipo kazi ya kanisa inaanza. Musa yule wa kikapu, alipokuwa mzee juu ya kilima, mikono yake ilichoka. Haruni na Huri hawakumpigia makofi. Walimletea jiwe akakaa, wakashika mikono yake, mmoja huku, mmoja huku, mpaka jua likatua. Na wajane walipokuwa wanasahauliwa katika chakula cha kila siku, mitume waliwaambia wanafunzi wachague watu saba kwa kazi hiyo. Shemasi asiyejua chungu cha mjane kina nini, hajui kazi yake.

Basi kila jamaa inayopokea mtoto itakuwa na jamaa mbili za kuishika: Haruni wake na Huri wake. Watapita kila juma, si kukagua, bali kuuliza: mmekula? mmelala? Siku moja kwa mwezi watamchukua mtoto kwao ili mama apumzike. Sadaka ya Siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi itakuwa kwa daftari, dawa na unga wa nyumba hizo, na hesabu itasomwa mbele ya wote. Mama akichoka na kulia, tusimwambie imani yake ni ndogo. Mikono ya Musa ilichoka pia.

Na mtoto akirudi kwa ukoo wake, tutalia pamoja. Mama ya Musa alimnyonyesha, kisha akampeleka. Kazi yake haikupotea.

Wewe usiyeweza kupokea mtoto, unaweza kuwa Huri. Mwenye misumari, alete misumari. Mwenye nafasi ya kumsindikiza mama kwenye tribinali, aseme. Baada ya ibada mtatukuta kwenye benchi letu, upande wa mlango.

Bwana, utusamehe mtoto tuliyemfukuza kwa kunyamaza. Utupe masikio ya kumsikia aliye nje, na miguu ya kumfuata. Amina.

Sisi mashemasi wenu katika Bwana.