Haki ya Mkono Uliotengeneza

Kuokota kilichotupwa na kukitunza ni wema. Lakini si kila kilichotunzwa kilikuwa kimetupwa. Katika tofauti hii ndogo limo swali kubwa liwapasalo kulijibu wote wakusanyao sanaa ya kale ya watu wa kawaida wa Marekani. Sanaa hiyo ni kazi ya wahunzi, maseremala, wafinyanzi na washonaji: jogoo wa shaba aliyesimamishwa juu ya ghala kuonyesha upepo utokako, bata wa mti aliyechongwa ili kuwahadaa bata wa kweli, mfarishi ulioungwa kwa vipande vya nguo. Vingi vya vitu hivi vilifanywa vitumike, wala havikufanywa vitazamwe; na vilipochakaa, mara nyingi mwisho wake ulikuwa jaani au motoni.

Mkusanyaji ana sifa yake, na ni haki kumpa. Electra Havemeyer Webb alizaliwa katika nyumba ya utajiri, ambamo mama yake alikusanya picha za wachoraji mashuhuri wa Ulaya. Alipokuwa msichana alinunua sanamu ya mti, ya namna iliyowekwa mlangoni mwa maduka ya tumbaku, na mama yake hakupendezwa. Binti hakukata tamaa. Mwaka 1947 alianzisha Makumbusho ya Shelburne katika jimbo la Vermont. Jicho lionalo uzuri mahali palipodharauliwa ni jicho la heshima. Lau macho kama hayo yasingalikuwapo, mengi yaliyo fahari ya taifa leo yangalikuwa majivu.

Lakini sifa haiondoi deni. Harriet Powers alizaliwa mtumwa katika Georgia mwaka 1837. Baada ya kuwa huru alishona mfarishi wenye sehemu 11 za visa vya Biblia, na mwaka 1886 ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens. Jennie Smith, mwalimu wa sanaa, alitaka kuununua, Harriet akakataa. Miaka michache baadaye, dhiki ilipombana, alikuwa tayari kuuuza kwa dola 10. Akapewa dola 5, akakubali kwa shauri la mumewe, kwa kuwa nyakati zilikuwa ngumu. Alieleza maana ya kila sehemu, na mnunuzi akayaandika maelezo hayo. Kisha alirudi mara kadhaa kuutazama mfarishi wake. Leo umo katika makumbusho ya taifa mjini Washington.

Yamkini mtu atasema kwamba aliuza kwa hiari, na aliyeuza kwa hiari hana madai. Neno hiari lina uzito kinywani mwa mtu awezaye kusema hapana. Harriet alisema hapana alipoweza. Ndiyo yake ilisemwa na dhiki. Wala haifai kumlaani mnunuzi, kwa maana kalamu yake ilihifadhi maneno ya mshonaji pamoja na kazi yake, jambo ambalo wengi hawakulifanya. Bali ziara za Harriet zafundisha kwamba mauzo huhamisha milki, lakini hayakati udugu uliopo baina ya kazi na mkono ulioitenda.

Kwa David Drake jambo lilikuwa zito zaidi, kwani hata hiari ya dhiki hakuwa nayo. Alikuwa mfinyanzi mtumwa wa Edgefield, South Carolina. Sheria ya jimbo ya mwaka 1834 ilikataza watumwa kufundishwa kusoma na kuandika. Yeye aliandika jina Dave na beti fupi juu ya mitungi mikubwa. Mmoja wa mitungi hiyo uliuzwa mnadani mwaka 2021 kwa dola 1,560,000. Mwaka 2025 Makumbusho ya Sanaa ya Boston yalikiri milki ya wazao wake juu ya mitungi miwili; mmoja yakaununua kwao, na wa pili ukabaki kwa mkopo. Wakusanyaji wengi huhofu kwamba haki ikitendeka vitu vitatoweka machoni pa watu. Hapo haki ilitendeka, na mitungi haikutoweka.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mkusanyaji mwadilifu halina budi kuandikwa jina la mtengenezaji, bei aliyolipwa, na hali aliyokuwa nayo siku ya kuuza. Jina lisipojulikana, neno asiyejulikana na liandikwe kama ungamo, lisiandikwe kama pambo. Na mlango uachwe wazi kwa watengenezaji na wazao wao, kama Harriet alivyofunguliwa mlango alipokuja kuutazama mfarishi wake. Mtu autazamaye mfarishi ule na kusifu rangi zake tu ameona nguo. Aujuaye pia habari ya dola 5 amemwona mshonaji.