Kulea Watoto Wadogo: Ibada au Kikwazo cha Ibada?

Kama kulea watoto wadogo ni ibada, au ni shughuli inayomtoa mzazi katika ibada, ni swali la kale katika elimu ya dini, na halijawahi kuwa la vitabuni tu. Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Quionga karibu na mdomo wa mto Ruvuma, kupitia Palma na Mocímboa da Praia, hadi visiwa vya Quirimba, swali hili huzidi uzito joto linapokaribia kwisha. Huo ndio msimu ambao nguvu za mzazi, chakula cha nyumbani na saa za mchana vyote huwa haba kwa pamoja, na mtoto mdogo huvitaka vyote vitatu.

Mwezi Machi upepo wa kaskazi unalegea na kusi bado haijashika. Mvua zilizoanza Desemba zingali zinanyesha, mbu wamejaa, na homa ya malaria hulaza watoto katika kila mtaa. Mahindi na mpunga wa mwaka viko shambani, bado havijawa tayari kuvunwa. Akiba ya mwaka uliopita imekwisha au imebaki makopa ya mhogo. Shule zilifunguliwa mwanzoni mwa mwaka na zimewachukua wakubwa, kwa hiyo wadogo wanashinda na mama kutwa. Tena karibu na tarehe 21 Machi, siku na usiku vinapolingana, huja bamvua kubwa kuliko nyingi za mwaka, na maji hukauka mbali sana. Wanawake hushuka kutafuta pweza, chaza na kombe. Mmoja wao anakwenda na mtoto mchanga mgongoni amefungwa kwa kapulana, ndoo mkono huu, chuma cha kuchokolea pweza mkono ule, na nyuma yake mtoto wa miaka minne anayeweka mguu polepole kwa kuogopa miiba. Mtoto akichomwa, mama anaacha shimo alilokwisha kuliona, anachuchumaa, anautoa mwiba. Maji hayamngoji. Pweza aliyemwacha pale ndiye aliyekuwa kitoweo cha jioni.

Kuanzia mwaka 2023 hadi 2026 Ramadhani nayo imeangukia kati ya Februari na Aprili, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kawaida. Hapo kukosa kwa mama kunaonekana wazi. Wengine wanafunga, yeye ananyonyesha na amekula. Wengine wako tarawehe, yeye anamlaza mtoto mwenye homa. Je, amepungukiwa na kitu mbele ya Mungu, au amepewa zamu nyingine?

Wenye kuona malezi kuwa kikwazo wana hoja, na haifai kuipuuza. Sura al-Munafiqun inawaonya waumini wasishughulishwe na mali na watoto wakasahau kumkumbuka Mungu, na Sura at-Taghabun inawataja watoto kuwa mtihani. Imamu Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufariki huko huko mwaka 1111, anaeleza katika sehemu ya ndoa ya kitabu chake *Ihya* madhara matatu ya kuwa na familia, na la tatu ni hilo: moyo kuzama kwa mke na watoto hata usibaki na nafasi ya Mola wake. Yeye mwenyewe aliwahi kujitenga. Mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu katika chuo cha Nidhamiya, Baghdad, akagawa mali yake akibakiza kiasi cha kuwatosha watoto, akaenda Sham kutafuta upweke.

Lakini Ghazali huyo huyo, katika ukurasa usio mbali na ule, anahesabu faida tano za ndoa, na ya tano ni kuipiga vita nafsi kwa kubeba haki za watu wa nyumbani, kuvumilia tabia zao na kuwatafutia riziki ya halali. Haiweki daraja moja na starehe. Anaiita mazoezi ya roho. Tena alipoandika habari za safari yake baadaye alikiri kwamba kilichomrudisha kwao, pamoja na mambo mengine, ni wito wa watoto wake. Mtu anayetajwa mara nyingi kama mfano wa kuacha dunia alivutwa nyuma na wanawe, naye hakuandika kwamba kurudi huko kulikuwa kuanguka.

Sira ya Mtume inaelekea upande huo pia, na kwa matukio ya nyumbani kabisa. Imepokewa kwamba alikuwa akiingia katika sala akitaka kuirefusha, akisikia mtoto analia aliifupisha kwa kumhurumia mama yake. Alimbeba mjukuu wake Umama akisali, akimweka chini anaposujudu na kumchukua tena anaposimama. Bedui mmoja mkubwa, al-Aqra bin Habis, alistaajabu kumwona akimbusu mjukuu, akasema yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Jibu alilopata liliuhesabu huo kuwa upungufu wa rehema. Katika habari hizi mtoto haingii katika ibada kama mvamizi. Ibada ndiyo inayojipanga kumpa nafasi.

Fikihi ya madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, imelishughulikia jambo hili kwa undani kuliko mawaidha yoyote. Kwa mujibu wa *Minhaj* ya Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, mama mwenye kunyonyesha akiihofia nafsi yake anafungua, kisha analipa siku hizo baadaye. Akimhofia mtoto peke yake, anafungua, analipa siku, na juu yake anatoa kibaba cha chakula kwa kila siku kumpa maskini. Akina mama wengi hukisikia kibaba hicho kama faini, wakaona haya. Sababu iliyotolewa na mafakihi ni nyingine kabisa: mfungo umefunguliwa mmoja, na waliofaidika ni wawili. Yaani sheria inamhesabu mtoto asiyejua hata jina lake kuwa mtu aliyekaa kwenye sufuria ile ile na mama, mwenye haki yake katika chakula kile. Kibaba kinatolewa kwa sababu mtoto ni mtu, si kwa sababu mama amekosea. Madhehebu mengine yana mpango tofauti; Mahanafi hawadai kibaba, kulipa siku kunatosha. Hata hivyo hakuna madhehebu yanayomwambia mama amwache mtoto adhoofike ili saumu yake itimie. Mafakihi waliteremka hata jikoni: mama aliyefunga anaruhusiwa kumtafunia mtoto chakula kama hapana njia nyingine, mradi asimeze.

Kwa watoto wenyewe mfano ni wa Rubayyi binti Muawwidh, mwanamke wa Madina aliyesimulia kwamba waliwafungisha wadogo siku ya Ashura, na mtoto akililia chakula walimpa mwanasesere wa sufu acheze mpaka jua litue. Pwani ya Waswahili ina desturi ya mtoto kufunga nusu siku, naye hujivunia nusu hiyo kuliko mkubwa anavyojivunia mwezi. Amri ya kusali huanza akiwa na miaka saba. Kabla ya hapo hadaiwi kitu. Wanaodaiwa ni wazazi.

Fundo gumu zaidi liko kwenye nia. Mzazi humpenda mtoto kwa maumbile. Hata kuku huwafunika vifaranga mvua inaponyesha, na hakuna anayesema kuku ameabudu. Kama mama anaamka usiku kwa sababu hawezi kuvumilia kilio, thawabu inatoka wapi? Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliliuliza hili kwa ukali katika kitabu alichokitoa mwaka 1785: wema unaofanywa kwa mvuto wa hisia tu, alisema, unastahili sifa, ila hauna thamani ya kimaadili, thamani inapatikana mtu anapotenda kwa kuwa ni wajibu.

Mafakihi wanalifungua fundo kwa kutenganisha vitu viwili. Haki ya mtoto inatimia hata bila nia: baba akinunua unga na mtoto akala, deni limelipwa, iwe baba alimkumbuka Mungu au hakumkumbuka. Thawabu ndiyo inayohitaji nia. Hapo hadithi ya Saad bin Abi Waqqas inaingia, ambayo inahesabu hata tonge ambalo mtu anamtilia mkewe kinywani, likikusudiwa radhi ya Mungu, kuwa ni lenye malipo. Nawawi akaifafanua kwamba jambo la halali, hata lenye ladha ya nafsi ndani yake, hugeuka utii linapokusudiwa hivyo. Upendo wa maumbile kwa hiyo hauharibu ibada, wala hauchukui nafasi yake. Ndio unaoipa miguu ya kutembelea. Na yeyote aliyelea anajua kwamba upendo huo nao huchoka. Usiku wa tatu wa homa, chandarua kimechanika, maji ya kupoza kitambaa yamekwisha, hisia tamu zimelala zamani. Kinachomwinua mzazi hapo ni kitu ambacho Kant angekitambua mara moja. Nia haikuhitaji kutamkwa usiku ule. Inatosha ilikuwapo kabla, pale mzazi alipokubali kwamba mtoto ni amana.

Amana hiyo ni ya nani? Wamakua na Wamakonde kwa desturi humhesabu mtoto katika ukoo wa mama, na mjomba ana sauti nzito. Miongoni mwa Wamwani wa pwani, Uislamu wa karne nyingi umeupa upande wa baba nguvu pia. Wengi hudhani sharia na desturi zinagongana hapa, lakini katika malezi ya watoto wadogo zinakutana: kwa Mashafi, wazazi wakiachana, mwenye haki ya kwanza ya kulea ni mama, na akikosekana ni mama yake mama, huku masurufu yakibaki juu ya baba. Bibi anayelea wajukuu Ibo au Palma ana desturi na kitabu upande wake.

Baba ndiye anayehitaji kuambiwa wazi. Itikafu ya siku kumi za mwisho za Ramadhani ni sunna. Chakula cha watoto ni wajibu, na wajibu hutangulia. Anayekaa msikitini huku nyumbani hapana unga ameipanga dini yake kinyume. Mvuvi aliye dago wiki nzima kwa ajili ya wanawe yuko katika ibada, ingawa jamaa ya tarawehe imempita.

Wakristo wa eneo hili, wengi wao Wakatoliki, nao huwa katika Kwaresima majira hayo. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu, tarehe 18 Februari, iligusana na mwanzo wa Ramadhani. Kwao pia kuna jibu linalofanana: Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1609 kwamba uchaji hupimwa kwa hali ya kila mtu, na mwenye familia hafai kuiga maisha ya mtawa.

Vita vya Cabo Delgado vimelitoa swali hili katika upole wake. Kundi lililoishambulia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 lilikuwa, miaka mingi kabla ya silaha, limejitenga na misikiti ya wenzao na kuwatoa watoto katika shule za serikali. Baadaye liliteka wavulana na wasichana. Dini inayoanza kwa kumpokonya mzazi mtoto haina mahali pa kusimama katika elimu ya pwani hii, ambamo hata mtu aliyekuja kuomba kwenda jihadi aliulizwa na Mtume kama wazazi wake wako hai, na alipokubali aliambiwa jihadi yake iko kwao.

Tarehe 24 Machi 2021, mwishoni mwa msimu huu huu wa joto, Palma ilishambuliwa na watu walikimbilia porini na watoto wao, wengine kwa siku kadhaa. Karibu miaka miwili kabla, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilikuwa kimebomoa nyumba za Ibo, Quissanga na Macomia. Mzazi aliyepoteza nyumba na shamba hulaumu nafsi yake kwamba ameshindwa kuilinda amana. Kanuni ya sharia ni kwamba mtu hadaiwi zaidi ya uwezo wake, na anayeshika amana bila uzembe hatozwi kilichoharibika kwa nguvu asiyoiweza. Kinachobaki hapo ni cha jamii, kwa njia ya faradhi ya kutosheleza: wengine wasipoibeba, wote wana dhambi. Wakimbizi wengi wa Cabo Delgado hawakukaa kambini. Walipokewa katika nyumba za ndugu na za watu wasiowajua, huko Pemba na kwingineko, sufuria ya watu sita ikapakuliwa kwa kumi na watano. Waliopakua hivyo walitekeleza faradhi hiyo, wakijua jina lake au wasijue.

Zinabaki siku ambazo mama hakufunga. Kadha yake, yaani kuzilipa, inaweza kungoja Juni au Julai, kusi ikivuma, hewa ikiwa baridi kidogo, mchana ukiwa mfupi kuliko wa Machi na ghala likiwa na mahindi mapya. Muda wake ni hadi Ramadhani ifuatayo. Anayechelewesha bila udhuru huongeza kibaba kingine kwa kila siku. Anayeendelea kunyonyesha, au aliyechukua mimba nyingine, ana udhuru bado, na siku zake humsubiri bila nyongeza ya kuchelewa.