Siku Ibrahimu Alipoinuka

Andiko: Mwanzo 23:1-20

Ujumbe wa Jumapili ulikuwa wa watu ambao saratani imewachukulia mume au mke. Tunao wengi hapa. Wajane tunawajua. Wanaume je? Kiswahili kina jina la mwanamume aliyefiwa na mkewe, anaitwa mgane, lakini ni lini umelisikia? Hata jina lake tumelisahau.

Sara alikufa akiwa na miaka 127. Ni mwanamke pekee ambaye Biblia inatupa umri wake wa kufa. Ibrahimu akaja kumlilia. Baba wa imani, rafiki wa Mungu, alikaa karibu na maiti ya mkewe akalia. Soma sura yote ya 23, hutapata mtu anayemwuliza ni dhambi gani iliyozuia uponyaji. Sara huyu alizaa akiwa na miaka 90, na bado alikufa. Hakuna aliyesema imani ya nyumba hiyo ilikuwa imeisha.

Nakaa hapo kwa sababu kuna maneno tunayosema matangani ambayo yanaumiza kuliko msiba wenyewe. Mama mmoja wa hapa kanisani amenikubalia nisimulie bila jina. Mumewe alikuwa na saratani ya koo. Mwishoni hata uji ulikuwa haupiti, maji yalikuwa ya kijiko. Wiki moja baada ya mazishi akaja mtu wa maombi, akamwambia kwamba kama wangemaliza mfungo wa siku 21 mzee angepona. Watu wa Mungu! Mtu ambaye hajameza chakula wiki tatu unasema alishindwa kufunga?

Sisi tunaamini uponyaji. Tutaendelea kuwawekea wagonjwa mikono na kuwahimiza waende kliniki ya saratani mapema. Lakini mwenye Bwana akilala, mke wake asiachiwe kesi ya kujibu.

Sasa angalia mstari wa 3. Ibrahimu anainuka. Alilia siku ngapi kabla ya hapo? Musa aliliwa siku 30. Yakobo, Wamisri walimlilia siku 70. Kwa Sara, Biblia imenyamaza. Kwa hivyo usimpangie mjane kalenda. Mwingine ataanza kucheka baada ya mwezi, usimshuku. Mwingine mwaka wa tatu bado anapika ugali wa watu wawili, usimkemee.

Na akiinuka, anafanya nini? Anaenda kutafuta ardhi. Mimi nilisomea biashara chuoni, na sura hii huwa naisoma kama mkataba. Efroni Mhiti anamwambia achukue shamba bure. Ibrahimu anakataa. Wewe uliyenunua ploti hapa Kenya unajua kwa nini. Shamba la kupeana mkono tu ndilo wajukuu wanaenda kulipigania kortini. Anataka bei. Efroni anataja shekeli 400 za fedha kama kwamba ni kitu kidogo kati ya marafiki, na Ibrahimu hata haombi apunguziwe. Anapima fedha mbele ya mashahidi, langoni mwa mji. Halafu maandiko yanaorodhesha shamba, pango na miti yote iliyokuwa ndani ya mipaka. Hiyo ni hati miliki, ndugu yangu. Mtu wa kilio, macho bado mekundu, anahesabu pesa na kuhakikisha mipaka.

Tena kumbuka Matendo 7:5. Nchi yote ilikuwa imeahidiwa mzee huyu, lakini hakuwa na mahali pa kuweka hata unyayo. Kipande cha kwanza cha nchi ya ahadi alichomiliki kilikuwa kaburi la mkewe. Wengi wetu tunafikiri kwenda mbele ni kupita kando ya kaburi haraka, kuhama nyumba, kufuta picha kwenye simu. Njia ya Ibrahimu ilipitia pale pale. Kazi yake ya kwanza baada ya kuinuka ilikuwa bado ni mambo ya Sara.

Yule mama niliyemtaja alikuwa na mfuko wa nailoni wenye karatasi zote za mumewe: risiti za kemo, kadi ya kliniki, barua za Sacco, nakala ya hati ya shamba. Miezi sita hakuufungua. Aliniambia, "Pasta, nikiufungua nitakuwa nimekubali." Wakati huo shemeji yake alikuwa ameanza kuonyesha wanunuzi lile shamba. Siku alipoinuka hakuwa na ujasiri wowote, alikuwa analia. Alienda na dada wawili wa ushirika wake wa nyumbani, akapata barua ya chifu na cheti cha kifo, akafungua kesi ya urithi kortini. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haimruhusu mtu kuuza shamba la marehemu kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mali, na kuingilia mali hiyo bila ruhusa ni kosa. Ombi likichapishwa kwenye Gazeti rasmi la Serikali, wenye pingamizi wanapewa siku 30. Shemeji aliposikia hayo akatulia. Kwa Sacco waliuliza kama mkopo ulikuwa na bima. Ulikuwa nayo.

(Mliooana, nendeni mkaangalie mliandikisha jina la nani kwenye Sacco na pensheni. Wengine bado mmeandika jina la ndugu kutoka siku za ukapera.)

Kuhusu kuoa au kuolewa tena nitasema kidogo, kwa sababu mliniuliza sana mlangoni. Mwanzo 25, Ibrahimu alimwoa Ketura, akazaa naye watoto sita. Na alipokufa, Isaka na Ishmaeli walimzika Makpela, pamoja na Sara. Ketura hakumfuta Sara. Paulo naye, 1 Wakorintho 7:39, anampa mjane uhuru wa kuolewa katika Bwana. Kanisa letu lina mizani miwili hapa: mgane tunamtafutia mke kabla mwaka haujaisha, mjane akisalimiwa na mwanamume kwenye maegesho tunaanza kunong'ona. Hiyo tabia iishe. Na asiyetaka kuolewa tena aachwe pia, hiyo si ishara ya uchungu.

Jumatano, baada ya maombi ya saa saba, tutakaa ofisini na yeyote aliyefiwa na mwenzi wake. Mama mmoja wa kanisa ambaye ni karani wa mawakili atakuwepo. Leta cheti cha kifo, kitambulisho, na chochote cha Sacco, benki au shamba. Kama mfuko wako bado umefungwa, ulete hivyo hivyo. Kina baba wawili wamejitolea magari ya kwenda kortini na kwa chifu, mafuta yatatoka kwenye sadaka ya wajane. Wagane pia mnaitwa, msiseme hii ni ya kina mama.