Je, Daktari Aseme Asilo na Hakika Nalo?

Mwanafunzi wa udaktari hufunzwa asitamke asiloweza kulithibitisha. Funzo jema. Lakini je, aonapo dhara geni kwa mgonjwa aliyemeza dawa, anyamaze hata apate hakika?

Tukumbuke thalidomaidi. Iliuzwa Ujerumani ya Magharibi tangu 1957, ikasifiwa kuwa salama, nao wajawazito wakaimeza ili wapate usingizi na kutuliza kichefuchefu. Ulimwenguni watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na kasoro, wengi wao mikono na miguu mifupi mno. Novemba 1961 Daktari Widukind Lenz wa Hamburg alitangaza shuku yake; mwezi ule ule dawa ikaondolewa nchini humo. Desemba, William McBride wa Australia aliandika barua fupi katika jarida la The Lancet, akiwauliza wenziwe kama nao wameona mfano wake. Aliuliza tu!

Wengine watasema, dawa isiyo na kosa itasingiziwa. La hasha, ripoti si hukumu. Tangu 1968 Shirika la Afya Duniani hukusanya ripoti za nchi mbalimbali, ambazo tangu 1978 hutunzwa Uppsala, Sweden, ili shuku ya mmoja ilinganishwe na za wengine. Anayengoja hakika peke yake huwanyima wenziwe njia ya kuipata.

Lililo zito zaidi ni kuogopa kulaumiwa. Kwa hiyo twaona yafaa mwanafunzi apewe fomu ya ripoti siku ile ile aingiapo wodini, naye mwalimu aijaze ya kwanza mbele yake, juu ya dawa aliyoiandika mwenyewe.