Nani Mwenye Haki ya Kusema "Imekwisha"?

Lugha yetu ilizipanga hatua za kazi kabla ya kompyuta kuzaliwa. Husema darasa halijajengwa, linajengwa, limejengwa. Hubadilika kiambishi tu, na hali ya kazi hubadilika nacho. Programu za kusimamia miradi, kama ile Jira iliyotolewa mwaka 2002 na kampuni ya Atlassian ya Sydney, Australia, hufanya jambo hilohilo. Kila kazi hupewa hali yake, na msimamizi huamua nani aruhusiwe kuihamisha kutoka hali moja hadi nyingine. Wengi hudhani hayo ni ya mafundi wa mitambo. La hasha! Ni mambo ya ukweli na uongo.

Hapa Songea, kama kwingineko nchini, wananchi huchimba msingi wa darasa, wakainua kuta, wakafika kwenye renta. Jengo likikaa hapo bila kuezekwa, huitwa boma. Neno hilo halimdanganyi mtu. Lakini taarifa ya ofisini yaweza kusema "ujenzi unaendelea" mwaka hadi mwaka, ilhali majani yanaota ndani. Je, mwandishi wake amesema uongo? Hakusema limekwisha. Hata hivyo mimi naona amedanganya, kwa maana "unaendelea" ni ushahidi kwamba upo mkono unaofanya kazi. Hapana budi iwepo hali nyingine, "imekwama", ikiandamana na sababu yake na jina la mwenye wajibu wa kuikwamua.

Na nani aseme "imekwisha"? Fundi akijipitishia mwenyewe, amekuwa shahidi wa kesi yake. Mkaguzi hupima ukuta na lipu, lakini hatakaa humo mvua ikinyesha. Nionavyo, neno la mwisho ni la mwalimu na wanafunzi watakaolitumia. Tena iwepo njia ya kurudi nyuma, ili kasoro ikionekana kazi irejeshwe kwa fundi bila fedheha.

Huenda msomaji akasema: basi tuweke wakaguzi kumi. Hapo pana hatari nyingine. Milango ikizidi, kila mtu husema, "Kwangu imepita," na dhambi ikakosa mwenyewe. Huko Japani, Taiichi Ohno wa Toyota alitumia kadi ziitwazo kanban baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hatua ya nyuma haikutengeneza kitu mpaka hatua ya mbele ikihitaji, hivyo kazi nusunusu hazikurundikana. Nasi tungeanza maboma machache, tukayamaliza.

Wahenga walisema muungwana ni vitendo. Kubonyeza neno "imekamilika" nako ni kitendo. Anayelibonyeza ametoa ushahidi, na siku ya mvua watoto watajua kama ulikuwa wa kweli.