Je, Ubadhirifu wa Msemaji Huifanya Khabari Kuwa Uwongo?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, katika darsa yetu ya baada ya Isha tulikuwa tukisoma mlango wa udhu, nami nikataja mifereji ya msikitini ambayo huachwa wazi tangu mtu anapoanza kusukutua mpaka anapomaliza miguu. Nikakumbusha ukame uliowapata ndugu zetu wa Tana na Garissa, ambako mvua zilikosekana misimu mitano kwa kufuatana, tangu mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023, na kwamba wataalamu wamethibitisha kuwa joto la dunia linazidi kwa sababu ya makaa ya mawe na mafuta tunayoyachoma wanaadamu. Akasimama kijana mmoja akasema: "Shekhe, hao wanaotwambia hayo walikwenda Dubai mwaka 2023 kuzungumza habari ya moshi, na wengine walikwenda kwa ndege zao binafsi. Lau wangeamini wasemayo wangekaa kwao. Haya ni maneno ya wakubwa tu." Watu wakacheka. Kisha akaongeza kwa adabu: "Nawe shekhe wetu, mwaka jana ulikwenda Umra mara mbili."

Usiku ule sikuwa na jawabu la kumtosha, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kijana yule, Mungu amzidishie fahamu, amechanganya mambo mawili: ukweli wa jambo, na mwenendo wa anayelisema. Mwadhini akiadhini Alfajiri kisha akarudi kitandani akalala, je, Alfajiri huwa haikuingia? Dhambi ni yake, na wakati umeingia vile vile. Mwaka 2007 Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani na mmoja wa waliokuwa wakionya sana juu ya jambo hili, alishutumiwa kwa umeme mwingi unaotumika nyumbani kwake. Shutuma ile ilikuwa na mahali pake. Lakini mwaka 2019 binti wa Kiswidi, Greta Thunberg, alikataa kupanda ndege akavuka bahari kwa mashua ya tanga kutoka Plymouth mpaka New York, na waliomcheka Gore wakamcheka na yeye, wakisema mabaharia wake watarudi kwa ndege. Aliyetumia sana ameitwa mnafiki, na aliyejinyima ameitwa mtoto mwenye kujionyesha. Hapa utajua ya kuwa tatizo lao halikuwa ndege.

Najua mwanafunzi wa elimu ya Hadithi atanipinga: "Mbona sisi twaikataa riwaya ya fasiki?" Swali zuri. Kwanza, katika Surat al-Hujurat Mwenyezi Mungu ametuamrisha, anapotujia fasiki na khabari, tuichunguze, hakusema tuitupe. Pili, maulamaa wa usuli wametenga khabari ya mtu mmoja mmoja na khabari ya mutawatiri, yaani ile iliyopokewa na wengi ambao haiwezekani wakapatana juu ya uwongo, na asili yake ikawa ni jambo la kuonekana au kusikika. Katika khabari kama hii, kauli ya wengi wao ni kuwa uadilifu wa kila mpokezi si sharti. Basi tazama khabari ya joto imepokewa na nani. Wapimaji katika mabandari na viwanja vya ndege vya dunia nzima, wa dini zote na wasio na dini, wa serikali zinazochukiana. Katika mlima wa Mauna Loa, Hawaii, hewa ya ukaa imekuwa ikipimwa tangu 1958. Wakati huo ilikuwa kiasi cha sehemu 315 katika milioni moja ya hewa. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 420. Chombo cha kupimia hakina ndege wala nyumba kubwa.

Tena yupo mtu aliyeshuku kwa njia ya haki. Richard Muller, mwanafizikia wa California, hakuridhika na hesabu za wenziwe juu ya joto. Hakukaa barazani akacheka, bali alikusanya watu wakaanza hesabu upya, na sehemu ya fedha zao ilitoka kwa tajiri wa mafuta. Mwaka 2012 alitangaza hadharani kwamba joto limezidi kweli na kwamba sababu yake ni wanaadamu. Shaka namna hii ni ibada ya akili. Shaka ya kijana wetu, anisamehe, ni ya kupumzikia.

Wako wanaosema: mvua na jua ni kadari, mja hana mkono. Hao wasome alivyofanya Sayyidna Umar ilipozuka tauni ya Sham: alirudi na watu aliokuwa nao, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari alijibu kwamba kule anakorudi nako ni katika kadari ya Mungu.

Sasa nije kwetu. Sitawadanganya nikasema kwamba mkifunga mifereji masika yatarudi kama zamani, au matumbawe yetu yaliyopauka na kufa kwa joto la bahari mwaka 1998 yatafufuka. Afrika nzima haifikii sehemu 5 katika 100 za moshi huu, na wenye deni kubwa ni wengine. Lakini israfu haikuharimishwa kwa sababu ya moshi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kadiri ya ujazo wa viganja viwili, karne nyingi kabla ya kiwanda cha kwanza. Kwa hivyo hata anayeikataa khabari ya joto asubuhi na jioni hakupata kwa kukataa kwake ruhusa ya kumwaga maji, wala ya kupika pilau ya watu elfu kwa arusi ya watu mia nne na sinia zikamiminwa jaani, wala ya kuwasha mashine ya kupozea hewa msikitini milango ikiwa wazi.

Limebaki neno la Umra. Hija ya faradhi ni mara moja katika umri, na Umra ni ibada tukufu wala simzuii mtu. Nazisema zangu tu. Ya kwanza nilikwenda kwa shauku ya Nyumba ile. Ya pili, nikisema kweli, nilikwenda kwa kuwa kundi lilihitaji shekhe wa kulisindikiza, na nauli imelipwa, na nafsi ilipenda kuitwa. Mwaka huu nimewaambia wamtafute mwengine.

Na kijana yule nimemwomba Ijumaa ijayo, baada ya sala, aje na chombo cha kupimia kwenye mifereji: apime maji yangu ya udhu mbele ya watu, kisha nami nipime yake.

Wabillahi tawfiki.