Kumeza dawa ya presha hakupunguzi tawakkul



Ndugu zangu katika imani, mimi si daktari. Kazi yangu ni kufundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu. Lakini katika darsa zetu za baada ya Magharibi kuna swali linalorudi mara kwa mara, na wapo wanaoacha dawa kwa sababu yake. Mtu husema: “Ustadhi, nimeambiwa nina presha na nimeze vidonge kila siku maisha yangu yote. Sasa tawakkul yangu iko wapi? Kwani anayeponya si Allah?”

Kwa hakika anayeponya ni Allah. Hilo halina mjadala. Lakini kwanza tuujue ugonjwa wenyewe.

Moyo unaposukuma damu, damu hiyo hukandamiza kuta za mishipa. Nguvu hiyo ndiyo inayopimwa, nayo huandikwa kwa namba mbili: ya juu ni pale moyo unapojikaza, ya chini ni pale unapolegea. Namba ya juu ikifika 140 au zaidi, au ya chini ikifika 90 au zaidi, na ikawa hivyo katika vipimo vya siku tofauti, basi mtu huyo ana presha ya kupanda.

Wengi wetu tunadhani mwenye presha ni yule mwenye hasira, au anayeumwa kichwa na moyo kumwenda mbio. Hapa ndipo tunapoangamia. Mara nyingi presha haina dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya bilioni moja wanayo, na karibu nusu yao hawajui. Mtu anakwenda kazini, anaswali, anacheka barazani, kumbe moyo, figo, macho na mishipa ya ubongo vinaharibika kimya kimya. Siku anapoanguka, mdomo umepinda na mkono hauinuki, ndugu wanaanza kumtafuta mchawi, wakati kilichotakiwa ni kumkimbiza hospitali saa ile ile. Hicho ni kiharusi, na presha ni sababu yake kubwa.

Presha kwa wengi haina chanzo kimoja. Umri unachangia, kurithi kunachangia, na maradhi ya figo pia. Lakini mengine yako mikononi mwetu: unene, kukaa bila mazoezi, pombe ambayo Allah ameshatuharamishia, na chumvi. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani hata kijiko kimoja cha chai hakijai. Sasa hesabu chipsi za jioni zilizonyunyiziwa chumvi upya, achari, papa mkavu na vidonge vya kuungia mchuzi. Qur'an imetuhalalishia kula na kunywa, ikatukataza israfu. Israfu haiko kwenye fedha peke yake, ndugu zangu, iko na kwenye sahani.

Turudi kwenye tawakkul. Mtume (SAW) aliulizwa na mabedui kama wajitibu, naye akawaamuru watafute dawa, akawafahamisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Sayyidna Umar (RA) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari za tauni, aligeuza msafara. Alipoulizwa kama anaikimbia qadar ya Allah, alijibu kuwa wanatoka katika qadar ya Allah kwenda katika qadar ya Allah. Basi presha ni qadar, na kidonge nacho ni qadar.

Na tusidhani kuwa elimu ya mishipa na damu ni ya wageni. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, ndiye aliyeeleza namna damu inavyotoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi, karne nyingi kabla ya Ulaya kuikubali. Naye alikuwa faqihi wa madhehebu ya Shafi, madhehebu ya wengi wetu hapa pwani. Hakuona mgongano baina ya kitabu cha fiqhi na kitabu cha tiba. Sisi tumeutoa wapi?

Wapo pia wanaomeza vidonge mwezi mmoja, wanapimwa, presha imeshuka, wanasema wamepona na kuacha. Huyo ni sawa na mtu aliyeona nyumba yake haivuji, akapanda juu kung'oa mabati. Dawa ndiyo iliyoishusha. Kupunguza au kubadilisha dawa ni kazi ya daktari. Habbat sauda na kitunguu saumu sivikatazi, lakini mwambie daktari unavyovitumia, na usiviweke mahali pa dawa uliyoandikiwa.

Kuhusu Ramadhani, nenda kwa daktari mapema, ndani ya Shaaban. Wengi huweza kupangiwa dawa wakati wa futari au daku. Akikwambia funga itakudhuru, chukua ruhusa aliyokupa Mola wako.

Mwisho, nawaomba maimamu na kamati za misikiti: waiteni wauguzi walio miongoni mwa waumini, wapime watu baada ya Ijumaa. Mpimwaji akae kitako dakika tano kwanza, na asiwe ametoka kunywa kahawa. Kipimo hakiumi na hakichukui muda. Mwili huu ni amana, na mwenyewe atatuuliza tuliutumiaje.